Pepa ya viazi vya kwetu inauzwa dola 40, nyie watafiti mnasomaje?

BintiUporoto

Habari za jioni wadau. Mimi ni bibi shamba, nipo na vikundi vya wakulima wa viazi mviringo huku juu Isongole kuelekea Uporoto. Si mtafiti, nina digrii yangu moja ya kilimo na simu yenye bando la kuungaunga. Kinachotusumbua huku ni mnyauko bakteria. Mkulima anakuita asubuhi unakuta viazi vimelala na udongo una maji ya kutosha tu, unakata shina karibu na ardhi, unaning'iniza kile kipande kwenye glasi ya maji safi, unatulia kidogo, uzi mweupe unaanza kushuka taratibu mpaka chini ya glasi. Ukishauona huo uzi hakuna dawa ya kupiga, kinachobaki ni swali ambalo kila mkulima ananiuliza: hili shamba nilipumzishe viazi misimu mingapi na hapo katikati nipande nini?

Yale ya kwenye vipeperushi nayajua, mbegu safi, zungusha mazao, ng'oa masalia. Mimi nataka namba. Kwa baridi ya huku, kwa mahindi au ngano au njegere, misimu mingapi ndio inatosha? Nikaingia Google Scholar nikakuta pepa imefanyika kwenye nyanda za juu kabisa, nikafurahi, nikafungua. Muhtasari unasema mzunguko wa mazao ulipunguza ugonjwa kwa kiasi kikubwa. Nukta. Kikubwa ni kiasi gani? Jedwali liko ndani, na ndani ni dola 39 na senti 95, laki moja na ushee hiyo jamani, na kwa hela hiyo unaruhusiwa kuisoma saa 48 tu, sio yako.

Sasa nauliza nyie mlioko vyuoni na vituo vya utafiti, Uyole, MUST, Mkwawa, hospitali, popote. Mnasomaje hizi pepa, mnalipa? Na hivi kweli hili jambo linarudisha nyuma sayansi yetu au ni kisingizio cha watu wasiopenda kusoma? Maana kuna jamaa ofisini kaniambia hata zikiwa bure hakuna atakayezifungua.

kijana_wa_soweto

Sci-Hub dada, ile tovuti inayotoa bure pepa zilizofungwa. Weka namba ya DOI, ile ya kuitambulisha pepa, imekwisha hiyo. Hapa Mbeya nusu ya watu wa masta wamemaliza nayo, wasikudanganye.

Mkutubi_Chini_ya_Ngazi

Kijana acha kumpeleka mtu wa serikali kwenye kesi. Hiyo tovuti aliianzisha Alexandra Elbakyan wa Kazakhstan mwaka 2011, na 2017 mahakama ya New York ikaamua wailipe kampuni ya majarida ya Elsevier dola milioni 15. Sijasema watu hawaitumii, nasema kwa mtu anayetaka kuweka namba kwenye ripoti ya halmashauri aanze na njia ambayo bosi wake anaweza kuisaini.

Dada BintiUporoto, njia ipo na ni halali, tatizo haitangazwi. Kuna mpango unaitwa Research4Life. Ulianza na Hinari ya WHO mwaka 2002 kwa upande wa afya, 2003 FAO wakaleta Agora ya kilimo, ndio inayokuhusu wewe, halafu 2006 ikaja ya mazingira, 2009 ya teknolojia na 2018 ya sheria. Wachapishaji wakubwa, hao hao wanaokudai dola 40, wanafungua majarida yao kwa nchi maskini. Nchi zimegawanywa makundi mawili, kundi A hawalipi kitu, kundi B wanalipa kidogo. Tanzania tupo A. Kwa hiyo ile pepa yako kuna uwezekano mkubwa kuna mtu hapo Mbeya mjini anaweza kuifungua sasa hivi bila kutoa hata mia.

Lakini (na hapa ndipo penye shida yote kwa maoni yangu) haifunguliwi kwa mtu, inafunguliwa kwa taasisi. Chuo, kituo cha utafiti, hospitali, ofisi ya serikali, hata NGO ya hapa hapa nchini. Taasisi inasajiliwa, inapewa jina la kuingilia na paswedi, na hiyo paswedi inakaa kwa mkutubi. Mkutubi akiwa mchangamfu wanafunzi wanasoma, akiwa mzito hakuna anayejua kama kitu kipo. Kuna chuo kimoja Nyanda hizi hizi sitakitaja, mkutubi alihamishwa, barua pepe iliyosajiliwa ilikuwa ya kwake binafsi, na walimu wakakaa muda mrefu wanaamini kwamba wazungu wamefunga huduma. Wazungu hawajafunga kitu. Paswedi ilihamia mkoa mwingine.

Na mkiipata msiwe walafi. Mwanafunzi mmoja akikaa usiku anashusha jarida zima toleo kwa toleo, mchapishaji anaona anakata chuo kizima, asubuhi wote mnalia.

Mnyalukolo wa Gangilonga

Mimi naungana na yule jamaa wa ofisini. Tusifichane. Nimefundisha chuo hapa Iringa, vitu viko wazi, mtandao upo, mwanafunzi anakuletea kazi ina marejeo matatu, mawili ni blogu na moja ni notisi zangu mwenyewe. Fizikia na hesabu tangu 1991 kuna arXiv, pepa za dunia nzima bure, hajazuiwa mtu yeyote. Je tumejaa wanafizikia? Hakuna maabara, hakuna hela ya kemikali, umeme unakatika katikati ya jaribio, halafu mtu anakuja kusema kinachotukwamisha ni dola 40 za pepa. Na hata hao matajiri wanalia, Harvard wenyewe Aprili 2012 waliwaandikia maprofesa wao kwamba bili ya majarida ni kama dola milioni 3.75 kwa mwaka na hawaiwezi. Sasa Harvard akilia wewe wa Kihesa unashangaa nini.

Daktari_wa_kata

Kaka Mnyalukolo kwenye fizikia sikubishii maana siijui. Kwenye tiba nakubishia mpaka kesho.

Chukua ebola Liberia. Ilipolipuka 2014 watu wote walisema ebola haijawahi kuwepo Afrika Magharibi upande ule, imetoka wapi. Mwaka 2015 maafisa wa afya wa Liberia wakaandika kwenye New York Times kwamba kumbe kulikuwa na pepa ya 1982, watafiti wa Kijerumani walipima damu za watu Liberia wakakuta kinga za ebola, na wakaandika wazi kwamba Liberia ihesabiwe kwenye ukanda wa ugonjwa huo. Onyo limeandikwa miaka 30 na kitu kabla. Na walipoitafuta bei yake ilikuwa dola 45, ambayo kwa daktari wa Liberia ni kama nusu ya mshahara wa wiki. Sasa niambie hapo kisingizio kiko wapi.

Na korona je? Mwaka 2020 wachapishaji wengi wakubwa walifungua pepa za korona bure, ndani ya wiki chache. Kwa hiyo mitambo haikuwa tatizo. Walipoona ugonjwa unagonga na kwao wakafungua. Kifaduro, kichaa cha mbwa, nyoka, hivyo bado tunasoma muhtasari. Mimi nimeshaona mtu anabadilisha dozi kwa kusoma muhtasari tu, wakati ndani ya pepa imeandikwa watoto wa chini ya miaka mitano hawakuwemo kwenye utafiti. Hiyo sio hadithi ya uvivu, mtu alijitahidi kusoma akasoma kile alichoruhusiwa.

Mnyalukolo wa Gangilonga

Daktari hoja ya Liberia inanipa nguvu mimi bwana. Hao hao waliandika kwamba kwenye ile pepa hakukuwa na mwandishi mwenza hata mmoja wa Liberia. Damu za Waliberia, majibu yakaenda kukaa kwenye jarida Ulaya, nyumbani hakuna hata mmoja aliyeambiwa. Ungeifanya bure tangu 1982 nani angeitafuta kama hajui kwamba ipo? Bei ni kufuli la pili. La kwanza ni kwamba utafiti unafanywa juu yetu na sio na sisi.

Ndizi_Tukuyu

Kama kipunji. Yule nyani wa mlima Rungwe ambaye wazee wa Kinyakyusa walikuwa wanamjua na jina lake wanalo, watafiti wakamwona 2003, 2005 akatangazwa kwenye jarida la Science kwamba ni mpya duniani, na 2006 akapewa jenasi yake Rungwecebus, jina la mlima wetu kabisa. Jarida la kulipia wakati ule. Mtoto wa Tukuyu aliyetaka kusoma habari za nyani anayemsikia analia pale msituni ilibidi aanze kutafuta kadi ya benki.

Kuhusu viazi sijui kitu samahani nimepita tu.

Mzee wa Makambako

Vijana, nimestaafu utafiti wa kilimo siku nyingi, mjukuu ndiye ananisaidia kuandika hapa, mkiona makosa ni ya kwake.

Nyinyi mnabishana kama vile hili jambo limeanza na intaneti. Sisi tulilikuta kwenye rafu. Kituo nilichokuwepo maktaba ilikuwa na majarida yamefungwa vizuri kwa jalada gumu, miaka ya 60 yote, 70 yote, unafika katikati ya 80 rafu inakatika. Fedha za kigeni hazikuwepo, usajili ukafa, na baada ya hapo ni vumbi na nakala mojamoja alizoacha mgeni. Tulichokuwa tunafanya ni kadi za posta. Kadi zilikuwa zimechapwa tayari, Ndugu Daktari fulani, naomba nakala ya makala yako, unajaza jina la makala, unabandika stempu. Wengi walikuwa wanajibu, waungwana sana, bahasha inakuja na makala na wakati mwingine barua. Lakini msimu wa kupanda ulikuwa umeshapita, na jaribio umeshalipanda kwa namna unayoijua wewe.

Na hapo ndipo nataka Mnyalukolo anielewe. Kukosa makala hakukuzuii kufanya kazi. Unafanya. Ila unafanya kitu ambacho Wakenya au Waperu walishakifanya wakakiacha, kwa kipimo cha zamani, kwa mpangilio wa vitalu ambao wenzako hawautumii tena. Ukiandika matokeo unayapeleka jarida la nje, mhakiki anakurudishia na neno moja, marejeo yako ni ya zamani. Sasa mimi nitayatoa wapi mapya? Nimeona majaribio mazuri, ya watu hodari, yakafa kwenye droo kwa neno hilo hilo.

Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Cornell Marekani, maktaba yao ya Mann, wakatoa kitu kinaitwa TEEAL, majarida ya kilimo yametiwa kwenye CD, rundo zima, huhitaji mtandao. Tulikuwa tunapanga foleni kwenye kompyuta moja, na CD ya mwaka unaoutaka ndiyo iliyokwaruzwa siku zote. Lakini niwaambieni, kile kisanduku kilibadilisha namna watu walivyoandika mapendekezo ya utafiti, kwa mara ya kwanza kijana wa masta alikuwa anabishana na msimamizi wake kwa makala ya mwaka juzi. Wasimamizi wengine hawakupenda. Baadaye ikaja hiyo Agora, na mkongo wa baharini ulipotua 2009 mambo yakawa mepesi zaidi.

Kwa hiyo uvivu upo, na wakati wetu ulikuwepo. Ila msiupime uvivu wa mtu kabla hamjampa kitu cha kusoma.

Daktari_wa_kata

Shikamoo mzee. Hiyo ya droo imenigusa.

Mzee wa Makambako

Marahaba baba.

PHD_haiishi

Wadau mimi niwachanganye kidogo, nyie wote mnaongelea kusoma. Kusoma mwaka huu sio kubaya hivyo. Nusu ya ninachohitaji nakipata huria, kuna kile kiambata cha kivinjari kinaitwa Unpaywall, unakiweka kwenye kompyuta, ukifungua pepa iliyofungwa chenyewe kinakutafutia nakala ya wazi aliyoiweka mwandishi mahali pengine. Kuna PubMed Central ya pepa za tiba, DOAJ ya majarida huria, AJOL ya majarida ya Afrika. Kingine namwandikia mwandishi, barua fupi tu, ni kadi za posta za mzee lakini kwa imeili, na wengi wanatuma kesho yake.

Kilio kimehamia kwenye kuandika. Huu mfumo wa makala huria una kitu kimoja hawakisemi kwa sauti: msomaji halipi, analipa mwandishi. Jarida la Nature walipofungua mlango huo 2021 ada ilikuwa euro 9,500 kwa makala moja. Moja! Baadaye, 2023, wakasema nchi zetu tusamehewe kwa majarida ya Nature, sawa, asante, lakini nani kati yetu anachapisha Nature? Mimi nachapisha majarida ya kawaida ya udongo na mimea, huko ada ni dola elfu mbili, tatu. Wachapishaji wengi wanasamehe nchi za kundi A ada yote kama jarida lote ni huria, hiyo ni kweli na watu waijue waiombe, waiombe MAPEMA kabla ya kutuma na sio baada ya kukubaliwa. Ila yale majarida mchanganyiko, yenye makala za kulipia na za huria humo humo, mara nyingi hawasamehi, wanakwambia chapisha bure kwa njia ya kufungwa. Ukikubali, pepa yako kuhusu udongo wa Mbozi inafungwa na BintiUporoto anaambiwa dola 40. Duara limekamilika.

Halafu kwenye hilo pengo wakaingia matapeli. Unapokea imeili ya sifa, Mheshimiwa Profesa, tumevutiwa na kazi yako, tutumie makala tutachapisha ndani ya siku tano, dola 150 tu. Hakuna uhakiki wala nini. Na mtu anataka kupandishwa cheo, anahitaji idadi ya machapisho, analipa. Kulikuwa na orodha ya mkutubi mmoja Mmarekani, Jeffrey Beall, iliyokuwa inawataja, akaifuta Januari 2017. Sasa kila mtu anajitafutia, na kazi nzuri za watu zimezama huko ambako msomaji makini hagusi.

Mnyalukolo wa Gangilonga

Hapo PHD umesema. Hilo la ada nalikubali mia kwa mia, na msamaha nao ni msamaha, anayekusamehe leo kesho anaweza kuacha.

Mkutubi_Chini_ya_Ngazi

Na ameshawahi kuacha. Januari 2011 Bangladesh waliamka wakakuta majarida zaidi ya 2,000 yameondolewa Hinari kwao, wachapishaji waliona sasa kuna soko pale la kuuza. Kelele zikapigwa, jarida la tiba la Lancet wakaandika, wakarudishiwa. Sisi Julai 2020 Benki ya Dunia ilipotutangaza uchumi wa kati wa chini nilipigiwa simu na walimu wanauliza kama tunakatwa. Hatukukatwa, maana bado tupo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni, na orodha hiyo ndiyo iliyotuweka A. Siku tukitoka huko ndio tutajua kama vyuo vyetu vina bajeti ya maktaba au vina jina la maktaba.

kijana_wa_soweto

Ndio maana nikasema Sci-Hub 😂

PHD_haiishi

Kijana, wewe una pepa ngapi?

BintiUporoto

Jamani asanteni sana, nimesoma yote, nyingine nimezisoma mara mbili. Mzee wa Makambako shikamoo, nimekusikia.

Mrejesho. Nilifanya mambo matatu. Nilimwandikia mwandishi wa pepa kama PHD alivyosema, bado kimya. Nikaingia kwenye hazina ya tasnifu za SUA, chuo cha kilimo cha Morogoro, bure kabisa, nikakuta tasnifu za viazi ambazo sikujua zipo, moja ina majedwali yote mpaka picha za shina kwenye glasi. Sio shamba la huku kwetu lakini mwinuko unakaribiana. Na nikaingia kwa wale wa kituo cha kimataifa cha viazi, CIP cha Lima, machapisho yao mengi yako wazi, yana lugha ngumu ila yapo. Kwa hiyo wakulima wangu wamepata jibu la kuanzia, nimewaambia ni la kuanzia, na tumekubaliana shamba moja la kikundi tulitenge tuhesabu wenyewe mimea inayonyauka kila msimu. Mkulima mmoja kauliza hizo hesabu zetu tutazichapisha wapi. Nikacheka, ila swali zuri.

Mkutubi nikuulize, halmashauri inaweza kusajiliwa Agora kweli? Wanataka nini?

Mkutubi_Chini_ya_Ngazi

Jaza fomu kwenye tovuti ya Research4Life, ni bure. Omba kama idara ya kilimo. Watataka jina la mkuu wa taasisi na la mtu atakayeshika paswedi, na kuna mkataba wa masharti wa kusainiwa. Kwenye imeili weka ya ofisi, narudia YA OFISI, usiweke ya kwako, kesho ukihamishiwa Ileje tutarudi pale pale. Na paswedi waijue zaidi ya mtu mmoja.

BintiUporoto

Fomu nimeshajaza. Mkurugenzi yupo Dodoma kwenye kikao, anarudi Jumatatu, nasubiri sahihi.

Mnyalukolo wa Gangilonga

Jumatatu gani?